Mtoto wa kwenye picha ni yupi: aliyekuwepo au tuliyemtaka?

Mchoraji wa mabango mmoja wa Mazwi, mjini Sumbawanga, amezoea kazi za haraka. Mwenye saluni ya kiume anataka vichwa vinne vya vijana ukutani, kila kimoja na mtindo wake wa nywele. Shule ya chekechea inataka twiga, herufi na watoto wawili wanaocheka. Mama lishe anataka sahani ya ugali na samaki. Kazi inaanza asubuhi, jioni rangi imekauka na malipo yametoka.

Kazi aliyoletewa mwezi Juni, baridi ya Ufipa ikiwa imekolea, haikuwa ya aina hiyo. Familia moja ilimtaka achore mtoto aliyefariki kwa surua mwaka 1973 akiwa na miaka saba, ambaye hakuwahi kupigwa picha hata moja. Mama yake mzazi, ambaye sasa ni bibi mwenye wajukuu na vitukuu, ndiye mtu pekee aliyebaki anayeukumbuka uso wake. Mjukuu anayefanya kazi Mbeya ndiye aliyejitolea kulipa. Alisema Bibi akiondoka, Mjomba naye ataondoka mara ya pili.

Mchoraji alianza na picha ya mdogo wake marehemu, iliyopigwa siku ya komunio ya kwanza, kwa kuwa watu wanasema walifanana. Bibi akakaa kwenye kigoda pembeni yake na kumsahihisha. Paji la uso lilikuwa pana zaidi. Masikio yalikuwa madogo. Jino moja la mbele lilikuwa limeng'oka. Baada ya siku mbili Bibi alinyamaza, akafuta macho kwa upindo wa khanga, na wote wakajua uso umepatikana.

Ugomvi uliletwa na nguo. Binti wa Bibi, mwalimu wa darasa la awali aliyekwisha kuvuka miaka hamsini, alitaka kaka yake avalishwe shati jeupe na tai ndogo, ashike mpira, na nyuma yake pachorwe maputo. Mchoraji akapitisha penseli. Bibi akaangalia, akasema: "Huyo simjui."

Bibi alimtaka mtoto wake kama alivyokuwa: kaptura ya kaki yenye kiraka, miguu pekupeku, fimbo ya kufukuzia ndege kwenye shamba la ulezi, na mdogo wake mgongoni amefungwa kwa mbeleko.

"Mama, wageni wakiiona watasema tulikuwa tunamtumikisha mtoto," alisema binti.

"Nani alimtumikisha? Alikuwa mwanangu, ananisaidia," alijibu Bibi.

Mchoraji aliweka brashi chini. "Bibi, Mwalimu, mkishaelewana mtaniita," akasema, akaondoka.

Ukiusikia kwa mbali, utadhani ni ugomvi wa kaptura na tai. Lakini mama na binti walikuwa wanabishana juu ya swali ambalo watu wamekuwa wakilijibu kwa rangi na brashi kwa karne nyingi: mtoto ni nani, na utoto unatakiwa uweje?

Mtoto wa kwanza ukutani

Katika nyumba nyingi za Ufipa, picha ya kwanza ya mtoto kutundikwa ukutani haikuwa ya mtoto wa nyumba hiyo. Ilikuwa ya Mtoto Yesu. Wamisionari wa Afrika, wanaojulikana zaidi kama White Fathers, walikabidhiwa Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, mwaka 1885, na katika miaka iliyofuata Ukatoliki ulienea hadi ukawa sehemu ya maisha ya nyanda hizi. Pamoja na rozari na katekisimu zikaja picha: Bikira Maria na Mwanawe, Familia Takatifu, na baadaye kalenda za kila mwaka.

Anayezitazama picha hizo kwa makini ataona kwamba Mtoto Yesu hakuchorwa namna moja nyakati zote. Katika picha za kale za Kanisa la Mashariki, na za Ulaya ya zamani, ameketi wima mapajani mwa mama yake akiwa na paji pana na uso wa mtu mzima, kama mzee aliyepunguzwa kimo. Wachoraji hawakuwa wameshindwa kuona mtoto anavyofanana. Walitaka kuonyesha kwamba mtoto huyo alizaliwa na hekima yote, na utoto wenyewe haukuwa jambo walilotaka kulisema.

Mwanzoni mwa karne ya 16, mchoraji Raphael wa Italia na wenzake walikuwa wakimchora mtoto mwenye mashavu, mapaja yenye mikunjo na nywele zilizotimka. Mtoto akawa mtoto. Malaika wawili wadogo walioegemeza viwiko chini ya mojawapo ya picha za Raphael hadi leo wanachapwa kwenye kadi na kalenda dunia nzima, pengine mwenye kalenda hajui walikotoka.

Ipo picha nyingine inayogusa moja kwa moja ubishi wa Mazwi. Mfaransa Georges de La Tour, karibu mwaka 1640, alimchora Mtakatifu Yosefu akitoboa gogo usiku, na mbele yake Yesu mtoto akimshikia mshumaa. Mwanga unapita katikati ya vidole vya mtoto. Picha hiyo imetunzwa katika jumba la Louvre, Paris. Ni picha ya mtoto aliye kazini, lakini anayeitazama anaona mtoto aliye karibu na baba yake, anayejua kwamba anahitajika.

Bibi wa Mazwi hajaiona picha hiyo. Lakini ndicho alichokuwa anakidai.

Binti wa mfalme na nguo yake

Mwanahistoria wa Ufaransa Philippe Ariès, katika kitabu alichokitoa mwaka 1960, alitumia picha za kuchora kama ushahidi kwamba Ulaya ya kale haikuuona utoto kuwa kipindi cha pekee cha maisha. Mtoto akishaweza kujitegemea kidogo, alisema Ariès, aliingizwa kwenye dunia ya watu wazima, akavaa kama wao na kufanya kazi pamoja nao. Wanahistoria waliomfuata walimpinga kwa jambo moja la msingi: wazazi wa zamani waliwapenda watoto wao na kuwalilia walipokufa, hata kama picha hazionyeshi. Picha haipimi upendo. Inaonyesha kile ambacho aliyelipa alitaka kionekane.

Mfano mzuri ni Margarita, binti wa mfalme wa Hispania. Mwaka 1656 mchoraji Diego Velázquez alimweka katikati ya mchoro unaoitwa Las Meninas. Alikuwa na miaka mitano. Gauni lake ni pana kiasi kwamba mikono haiwezi kulala ubavuni, na amesimama kama mtu anayesubiri kupokea wageni wa serikali. Velázquez alimchora tena na tena, na baadhi ya picha hizo zilipelekwa Vienna, kwa mjomba wake Leopold, aliyekuwa amepangwa amwoe. Picha za mtoto zikawa taarifa kwa mchumba: ona anavyokua. Margarita aliolewa mwaka 1666 akiwa na miaka 15, na akafariki mwaka 1673 akiwa na miaka 21.

Msomaji asiharakishe kusema hayo ni ya Wazungu wa kale. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 iliruhusu msichana kuolewa akiwa na miaka 15 kwa ridhaa ya wazazi, na 14 kwa ruhusa ya mahakama. Rebeca Gyumi alikwenda Mahakama Kuu, ambayo mwaka 2016 ilisema vifungu hivyo vinapingana na Katiba. Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikakubaliana na hukumu hiyo. Kumwona msichana wa miaka 15 kuwa mtoto, na si mchumba aliyeiva, ni wazo ambalo katika nchi hii limepiganiwa mahakamani katika miaka ambayo wasomaji wengi wa ukurasa huu wanaikumbuka.

Mtoto ambaye hakuwepo

Familia ya Mazwi si ya kwanza kutaka mtoto aliyefariki achorwe. Mwaka 1742, William Hogarth wa Uingereza alichora watoto wanne wa bwana Daniel Graham, mtengeneza dawa wa nyumba ya mfalme. Wa mwisho, Thomas, anaonekana amekaa kwenye kigari amevaa gauni, kama walivyovalishwa watoto wote wadogo wa kiume wakati huo, akinyoosha mkono kutaka tunda. Picha ilipokamilika, Thomas alikuwa ameshafariki.

Wenzake wanatabasamu. Nyuma yao kuna saa iliyopambwa kwa umbo la mtoto mwenye mundu, na paka anamkodolea macho ndege aliye kizimbani. Hogarth alichora furaha ya watoto na pembeni yake akaandika, kwa lugha ya vitu, kwamba furaha hiyo haina dhamana. Kila mzazi wa zama hizo alilijua hilo. Magonjwa yalichukua watoto katika nyumba za matajiri kama yalivyowachukua katika nyumba za maskini.

Ufipa pia ililijua hilo. Mpango wa Taifa wa Chanjo ulianza Tanzania mwaka 1975, miaka miwili baada ya mtoto wa Bibi kuzikwa. Leo mama anayebeba mtoto kwenda kliniki kuchomwa sindano ya surua anafanya jambo ambalo limebadili utoto kuliko picha yoyote: anaweza kupanga kwamba mtoto wake atakua.

Pekupeku ya tajiri na pekupeku ya maskini

Mwaka 1762 Jean-Jacques Rousseau alitoa kitabu chake Émile, akisisitiza kwamba mtoto aachwe awe mtoto kabla ya kuwa mtu mzima, akimbie, aguse, ajifunze kwa kuishi. Wachoraji wakafuata upepo huo. Karibu mwaka 1788, Joshua Reynolds wa Uingereza alimchora msichana mdogo mwenye gauni jeupe, ameketi chini ya mti, mikono kifuani, miguu mitupu. Picha hiyo ikapata jina linalomaanisha umri wa kutokuwa na hatia. Gauni lisilobana, nyasi na miguu mitupu vilikuwa alama za uhuru.

Lakini wakati tajiri anamvua mwanawe viatu ili apendeze kwenye picha, mtoto wa maskini alikuwa pekupeku kwa sababu hana viatu, na alikuwa anaingia kiwandani. Ilifika mwaka 1833 ndipo Uingereza ilipopitisha sheria ya kukataza watoto wa chini ya miaka tisa kufanya kazi katika viwanda vingi vya nguo. Utoto usio na hatia ulichorwa mapema sana, ukawafikia watoto wengi kwa kuchelewa.

Baadaye ukawa biashara. Mwaka 1886 John Everett Millais alimchora mjukuu wake mwenye nywele za mawimbi akitazama povu la sabuni likielea. Kampuni ya sabuni ya Pears ikapata haki ya kuitumia, na sura ya mtoto huyo ikawa tangazo. Tangu hapo mtoto msafi, mnene na mwenye furaha ameuza sabuni, maziwa, nepi na bima. Maputo aliyoyataka Mwalimu wa Mazwi yana asili yake huko: kwenye matangazo na kadi, ambako mtoto wa kweli ni yule anayecheza tu.

Utoto wa Kifipa

Ufipa ilikuwa na wazo lake la utoto kabla ya picha zote hizo. Mwanahistoria wa Marekani Kathleen Smythe, aliyeandika kitabu juu ya familia za Wafipa wa Nkansi kilichotoka mwaka 2006, anaeleza jinsi watoto walivyokuwa wakihama kulala nyumba ya wazazi wakishakua kidogo, wakalala kwa babu na bibi au pamoja na wenzao wa rika. Huko ndiko walikofundishwa hadithi, mafumbo, adabu na siri za maisha ambazo mzazi na mtoto wasingeweza kuzungumza uso kwa uso. Wamisionari walipojenga shule za bweni, walikuta jamii ambayo tayari ilimkubali mtoto alelewe nje ya nyumba ya baba na mama.

Mtoto huyo hakuwa mtu mzima mdogo, na hakuwa ua la kutazamwa. Alikuwa na nafasi yake. Kuna kazi zilizokuwa zake, michezo iliyokuwa yake, na watu wazima wengi waliokuwa na haki ya kumtuma na wajibu wa kumlisha. Mchana alifukuza ndege kwenye ulezi, lakini hukohuko shambani alitengeneza kombeo, akachoma mahindi na kushindana na wenzake kurusha mawe. Anayetazama kwa jicho la leo anaona fimbo tu. Bibi anaona siku nzima.

Picha ya kuchora ya mtoto mmoja mmoja haikuwa desturi ya huku, na hata wachoraji wetu wakubwa hawakuijali sana. Sam Ntiro, aliyezaliwa Kilimanjaro mwaka 1923, alichora zaidi vijiji vikiwa kazini, watu wengi pamoja. Edward Saidi Tingatinga, aliyeanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 kwa rangi za mafuta, alitufundisha kuwaona wanyama na ndege. Uso wa mtoto tuliuachia mpiga picha.

Tusimame wima, tusicheke

Miji ya pwani ilitangulia. Zanzibar, Capital Art Studio ya Ranchhod Oza ilikuwa ikipiga picha za familia tangu mwaka 1930. Bara, studio zilifuata moja moja. Wengi waliokua miaka ya 1970 na 1980 wanazikumbuka: pazia lenye mchoro wa bahari au ndege inayopaa, maua ya plastiki juu ya kistuli, redio pembeni. Mtoto alipakwa mafuta hadi magoti yakang'aa, akaambiwa asimame wima, asicheke, asitikisike. Saa ya mkononi ilikuwa ya baba, au ya mpiga picha. Picha ilikuwa ghali, hivyo haikupigwa kuonyesha mtoto anavyocheza. Ilipigwa kuonyesha kwamba ana wazazi, ana nguo, ana mbele yake.

Kwa Ufipa, siku kubwa ya picha ilikuwa komunio ya kwanza: gauni jeupe, shati jeupe, mshumaa mkononi. Hata umri ule una historia. Mwaka 1910 Papa Pio wa Kumi aliagiza kwamba mtoto apokee komunio anapofikia umri wa kuweza kupambanua, karibu miaka saba, wakati katika nchi nyingi watoto walikuwa wakisubiri hadi miaka kumi na mbili na zaidi. Wazo la Roma juu ya akili ya mtoto likabadili umri wa nyuso zilizo kwenye albamu duniani kote.

Kisha ikaja sare. Azimio la Musoma la mwaka 1974 lilitaka kila mtoto aingie shule ya msingi, na Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 ikafanya elimu hiyo kuwa ya lazima kwa watoto wa miaka 7 hadi 13. Baada ya hapo, picha ya mtoto bila shule ikaanza kuwa picha ya aibu. Hilo ndilo alilokuwa anaogopa Mwalimu. Yeye ni mtoto wa sare. Kaka yake alikufa kabla yake.

Wa leo anatazamwa na wangapi?

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 imesema mtoto ni kila aliye chini ya miaka 18. Imempa haki ya kulelewa, kusoma, kutibiwa, na pia kucheza na kupumzika. Juu ya kazi, sheria haikusema mtoto asiguse ufagio. Imeruhusu kazi nyepesi isiyoharibu afya, makuzi wala masomo yake, na kuweka miaka 14 kuwa umri wa chini wa kuajiriwa. Kumbeba mdogo wako wakati mama anasonga ugali ni jambo moja. Binti wa miaka 11 anayeletwa mjini kulea mtoto wa watu badala ya kwenda shule ni jambo jingine, hata kama wote wawili wana mbeleko mgongoni. Tofauti hiyo haionekani kwenye picha. Inabidi kuuliza.

Na picha za leo zinahitaji maswali yake. Kila mwisho wa mwaka, shule za chekechea hufanya mahafali. Watoto wa miaka mitano na sita huvalishwa joho na kofia ya chuo kikuu, wakapangwa mstari, wakapigwa picha. Wazazi hufurahi, na ni haki yao. Lakini joho lile halina tofauti kubwa na gauni la Margarita. Mtoto amevalishwa tena cheo cha mtu mzima, na picha inapelekwa kwa wanaotakiwa kuona anavyokua. Zamani aliyetakiwa kuona alikuwa Vienna. Leo ni kila mwenye namba ya simu ya mzazi.

Mtoto wa 1973 hakuwa na picha hata moja. Mtoto wa leo ana mia tano kabla hajaota meno: akioga, akilia, akiwa wodini, akiadhibiwa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imeziweka taarifa za watoto katika kundi la taarifa nyeti, lakini mlinzi wa kwanza ni yule mwenye simu mkononi. Kabla ya kurusha picha, mzazi ajiulize: huyu akiwa na miaka 20 ataifurahia? Mtoto aliyekwisha kujua kusema aulizwe mwenyewe. Akikataa, iwe imekataliwa.

Lipo na kosa la upande wa pili. Familia nyingi zina picha za zamani kwenye sanduku au nyuma ya kioo, na hakuna aliyeandika majina. Mwenye kumbukumbu akiondoka, watoto wale wanabaki nyuso tu. Jumapili moja inatosha. Kaa na bibi au babu, geuza kila picha, andika jina, mwaka na mahali, kwa penseli ili wino usiivujie. Ukimaliza, muulize ni nani hayumo kwenye picha yoyote. Huenda jibu lake likachukua muda mrefu kuliko picha zote.

Mchoraji aliporudi

Baada ya wiki moja mchoraji wa Mazwi aliitwa. Alikuta mama na binti wamekaa kwenye mkeka mmoja wanachambua maharage. Mwalimu ndiye aliyeanza kusema. Alikuwa amemuuliza mama yake swali ambalo hakuwahi kulifikiria: huyo mdogo aliyekuwa mgongoni ni nani kati yetu?

"Si wewe," Bibi alikuwa amemjibu. "Ulikuwa na mwaka na nusu. Hukutaka kubebwa na mtu mwingine. Alipougua ulikuwa unakwenda kukaa mlangoni kwake, tunakuondoa, unarudi."

Mwalimu hakumkumbuka kaka yake hata kidogo. Miaka yote alimjua kama jina linalotajwa kwenye misa ya marehemu wote. Akamwambia mchoraji aweke mbeleko, na aweke fimbo, na maputo ayafute.

Mchoraji alifanya kazi siku tatu. Nyuma ya mtoto aliweka shamba la ulezi, na mbali kidogo vilima vya Mbizi. Mtoto mchanga mgongoni alionekana upande wa uso tu, amelala. Alipofika miguuni, Bibi akamzuia.

"Hapo mwanangu, mvalishe viatu. Vyeusi."

Mwalimu akashangaa. "Mama, si ulisema alikuwa pekupeku?"

"Alikuwa pekupeku. Nilimwahidi viatu Januari akianza shule."

Hakuna aliyebisha. Mchoraji akachanganya rangi nyeusi, akavifanya vipya kabisa, na kamba zake zimefungwa vizuri. Kile Bibi alichomkatalia binti yake kwa wiki nzima, kumpamba mtoto kwa kitu ambacho hakuwa nacho, na yeye amekifanya. Baba wa Margarita alikifanya. Bwana Graham alikifanya alipoiacha picha ya Thomas ibaki anacheka. Mzazi anayempeleka mtoto studio akiwa na saa ya kuazima alikifanya.

Picha sasa imetundikwa sebuleni, karibu na kalenda ya kanisa. Jumapili moja, kitukuu wa miaka sita aliitazama kwa muda mrefu, kisha akauliza kwa nini huyo babu mdogo ana kiraka kwenye kaptura, lakini viatu vyake ni vipya.

"Ndiyo kwanza amenunuliwa," alisema Bibi.